Kwa familia inayoleta gari lake la kwanza la otokrosi Jamhuri Park, Nairobi

Ndugu wazazi wapya,

Msimu huu nimeyaona tena mambo ambayo nilidhani yalikwisha na sisi tuliotangulia: baba anamfokea mtoto aliyekwisha kufungwa mikanda na kuvalishwa helmeti, fundi anazunguka kambi za jirani akiomba kipima upepo wa magurudumu dakika chache kabla ya gari kuitwa, na mjomba anathibitisha kwamba nati za magurudumu zimekaza kwa kuzitazama tu. Otokrosi ya Kenya, mbio za kushindania muda kwenye njia ya udongo iliyopangwa koni, ni mchezo wa familia, na madereva wengi wa rali walijifunzia humu humu kwenye vumbi, kwa hiyo simkatishi mtu tamaa. Nawaandikia kwa sababu makosa haya ni ya zamani mno kuendelea kulipiwa na watoto wapya.

1. Gawaneni kazi kabla hamjatoka nyumbani. Katika timu yetu mama ndiye mwenye daftari na ratiba, shemeji yangu ndiye fundi, binti yetu ndiye dereva, nami navuta trela, natafuta kivuli na kulipa bili. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1965 kwa gari la Volvo PV544, aliyeketi kando yake alikuwa Jaswant, ndugu yake wa kuzaliwa, na nimewasikia wageni kadhaa wakiutaja ushindi huo kana kwamba undugu wenyewe ndio mpangilio wa kazi. Undugu hauwaambii nani amekaza nati. Andikeni majina, na kila aliyekamilisha kazi yake atie sahihi, hata kama ni babu.

2. Nunueni kipima upepo chenu wenyewe, msiazime cha jirani wala kuazimisha chenu, kwa kuwa kipimo kinachokosea kwa kiwango kilekile kila siku kinafaa kuliko viwili sahihi visivyokubaliana. Asubuhi ya Jamhuri ina baridi na mchana jua ni kali, basi pimeni kabla ya kila mzunguko.

3. Kagueni njia kwa miguu pamoja na mtoto, naye atangulie. Juzi nilimwona baba mmoja akitembea mbele ya kijana wake, akinyoosha kidole katika kila kona na kueleza mahali pa kufunga breki, huku kijana akitazama viatu vyake kuanzia koni ya kwanza hadi ya mwisho. Baadaye alipoingia njiani alikosea mlango wa koni, akaongezewa muda wa adhabu, na baba akasema kwa sauti kwamba alikwisha kumwonyesha. Njia ya udongo haikai ilivyokuwa asubuhi. Magari makubwa yakipita, kokoto husukumwa nje ya kona na ndani huchimbika mfereji, na ule mstari mliouchora asubuhi hugeuka kuwa mtego mchana. Mtoto aliyezoea kutazama mwenyewe ataliona hilo. Aliyezoea kuonyeshwa atakuwa bado anautafuta mstari wa baba.

4. Filta za hewa ziwe mbili, moja ikiwa garini na nyingine imeoshwa, imekauka na kupakwa mafuta yake. Kwa vumbi letu hapa hakuna mjadala.

5. Kabureta na safari ya pwani. Hapa naomba subira yenu, maana jambo hili lilinigharimu injini, na injini ndiyo ilikuwa hasara ndogo.

Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la pwani. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina namna ya kulitambua hilo, kwa sababu petroli hupimwa na tundu la jeti na tundu halibadiliki. Fundi wa Nairobi huweka jeti kuu ndogo ili petroli ilingane na hewa hii nyepesi. Gari likiteremka Mombasa na jeti ileile, hewa inazidi, petroli inapungua kwa ulinganifu, na joto ndani ya silinda linapanda kupita kiasi cha pistoni kustahimili. Haya yote niliyajua. Shemeji, ambaye hakuweza kusafiri nasi Mombasa wikendi moja ya mashindano, alikuwa ameniandikia kwenye karatasi kwamba jeti za pwani zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kiti cha pikapu, nami nikaikunja karatasi ile vizuri na kuitia mfukoni, kwa kuwa nilikuwa nimejiteua fundi.

Mazoezi ya kwanza yalinivimbisha kichwa. Injini iliyopungukiwa petroli kidogo huweza kuitika kwa wepesi wa ajabu kabla haijafa, na saa yangu ilinionyesha muda mzuri, nikaona hakuna haja ya kufungua kabureta kwenye joto lile. Binti yangu aliporudi kambini aliinua kioo cha helmeti na kusema, “Baba, kwenye ile sehemu iliyonyooka inavuta, inaacha, halafu inavuta tena. Ni kama inakohoa.” Nilimjibu, mbele ya watoto wa kambi ya pili, kwamba gari hukohoa pale dereva anapoinua mguu kwa woga, na kwamba safari hii akanyage mpaka mwisho. Hakunijibu. Alipangusa kioo chake kwa mkono wa glavu na kukishusha. Mama yake aliandika maneno yale daftarini, akaniuliza kama nimeitazama plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Nilimwambia plagi ni mpya, jibu ambalo hata mimi niliposikia likitoka nilijua halijibu alichoulizwa.

Alikanyaga kama alivyoagizwa. Mwisho wa ile sehemu iliyonyooka mlio ulibadilika, ikasikika injini ikigonga, kisha ikanyamaza, na gari likaserereka lenyewe hadi kando ya koni huku moshi ukitoka nyuma. Tulipofungua plagi, kauri yake ilikuwa nyeupe pe, na juu yake palikuwa na vitone vidogo vya alumini iliyoyeyuka. Pistoni ilikuwa imetoboka ukingoni, upande wa ekzosi.

Binti yangu alisimama pembeni, bado amevaa glavu, akauliza, “Nilikanyaga sana?” Ilinipasa kusema hapana. Nikasema kwamba injini za pikipiki huchakaa, kauli ambayo haikumtia hatiani wala kumtoa, na nikamwacha aibebe njia nzima kutoka pwani. Tulipofika Mtito Andei tuliagiza chai, na mama yake, bila kupandisha sauti, akafungua daftari mezani na kunisomea siku, saa, maneno ya mtoto na maneno yangu. Karatasi ya shemeji ilikuwa bado mfukoni. Nilimwomba mwanangu radhi pale pale, mhudumu akiwa anasubiri tumalize ili apokee pesa yake.

Pistoni ilipatikana Nairobi, silinda ikachongwa, na gari likarudi uwanjani mapema kuliko nilivyotarajia. Dereva ndiye aliyechelewa kurudi. Aliendesha vizuri kama zamani, lakini kwa sehemu kubwa ya msimu uliofuata ukimuuliza gari likoje alijibu kwamba liko sawa. Liko sawa likivuta kushoto, liko sawa klachi ikiteleza. Fundi gani awezaye kutengeneza gari lililo sawa? Ilibidi mama yake awe anamuuliza peke yake, nyuma ya trela, kisha kumletea shemeji taarifa kama anayepeleka barua. Tangu hapo kwetu kuna kanuni moja isiyojadiliwa: maneno ya dereva huandikwa kwanza, plagi hufunguliwa na kutazamwa, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu kabla spana haijashikwa. Plagi ya kahawia hafifu ni ya kushukuru, nyeusi yenye masizi inadai jeti ndogo, nyeupe inadai mzime gari mara moja.

6. Tazameni lebo za mikanda kabla mkaguzi hajaitazama. Mikanda yenye cheti cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huwa na mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitano, na mwaka umechapishwa pale pale kwenye lebo. Msibishane na mkaguzi mtoto akiwa anasikia, kwa sababu atajifunza kwamba usalama ni jambo la kupatania bei. Kila msimu kuna mzazi anayenunua mikanda ya mitumba kwa bei ya kufurahisha, kisha anashangaa gari lake linaposukumwa kurudi kwenye trela kabla halijawashwa.

7. Mnyororo upimwe dereva akiwa ameketi kitini, kwa maana uzito wake hubadilisha mkao wa ekseli, na mnyororo uliopimwa kwenye jeki hudanganya.

8. Gari la Bambino, daraja la watoto wadogo kabisa, huwa dogo mapema kuliko viatu vya shule, na siku ya kuhamia Pee Wee, daraja linalofuata, itawakuta bado mnalipa deni la lile la kwanza. Liuzeni pamoja na jeti zote, minyororo ya akiba na nakala ya daftari, na msipunguze daftari hilo kurasa za aibu, kwani ndizo mnunuzi atakazozihitaji zaidi. Akiwapigia simu Ijumaa usiku kuuliza mnyororo ulegee kiasi gani, mjibuni kwa utaratibu hata kama mmeshalala. Akianza kueleza tatizo la gari, mwombeni ampe simu dereva, mlisikie kwake.