Uliza Ujibiwe: Huyu Jamaa Ananguruma Nini Hasa?

Mwezi huu mmeniletea muziki wa metali tupu, ule wa magitaa mazito, sijui mliambizana. Haya twende.

*Anko shikamoo. Rafiki yangu kanitumia albamu ya Opeth anasema ni habari kubwa eti jamaa amerudi kunguruma. Nimesikiliza dakika kumi nikazima. Hivi kunguruma nako ni habari? – Masikio Yameziba*

Marahaba. Ni habari ndio, tena kubwa. Opeth ni bendi ya Waswidi, na walijijengea jina kwa kuchanganya vitu viwili, sa hivi mtu ananguruma kama radi, sekunde mbili mbele gitaa kavu na sauti laini ya kubembeleza. Halafu baada ya Watershed ya 2008 mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt akaacha kunguruma studio, albamu nne mfululizo ni kuimba tu na roki ya progresivu ya kizamani, ile ya nyimbo zinazobadilikabadilika, kuna mashabiki walisusa wakasema bendi imekufa (mi sikususa, ila nilinuna kidogo). Sasa Novemba 2024 ikatoka The Last Will and Testament na mngurumo ukarudi, miaka 16 imepita, we unategemea watu wakae kimya?

Ila ndugu yangu ulizima mapema. Ile albamu ni hadithi. Baba tajiri kafa, ni kipindi cha baada ya vita ya kwanza ya dunia, watoto watatu wamekaa wanasomewa wosia na siri za nyumba zinaanza kumwagika moja baada ya nyingine. Nyimbo saba za kwanza hazina hata majina, zina alama ya ibara (§) na namba tu, kama wosia wenyewe ulivyoandikwa. Ya nane ndo ina jina, na ndo tulivu kuliko zote. Sasa niambie, wosia wa mzee mwenye kinyongo utauimba kwa sauti ya kubembeleza mtoto? Halafu tega sikio usikie filimbi, huyo ni Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, mzee mzima, anapuliza na sehemu zingine anazungumza kabisa. Fungua mashairi usome huku inapiga, bila hivyo hupati kitu. Kwenye wimbo wa mwisho kuna barua, sikwambii ina nini, nitakuharibia.

*Nimenunua Absolute Elsewhere ya Blood Incantation nikakuta nyimbo mbili tu. Nimepigwa? – Mteja*

Hujapigwa, hizo mbili zinajaza dakika kama 43. Kila wimbo umegawanywa vipande vitatu wanaviita vibao, kama vile vibao vya udongo vya kale, jamaa hawa wa Denver, Marekani, wanapenda sana mambo ya nyota na watu wa kale. Walienda kurekodi Hansa kule Berlin, studio ileile mwanamuziki David Bowie alikotengenezea albamu ya "Heroes", na kwenye wimbo wa kwanza, The Stargate, wakamwita Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya Wajerumani ya muziki wa kielektroniki, apige sinthesaiza. Yani unakimbizwa na deth metali, ile metali kali ya kunguruma, pumzi zinakata halafu bila hodi bila taarifa unajikuta unaelea, vinanda vinazunguka taratibu, umetulia kabisa, ndo wanakurukia tena. Mi naona The Stargate ndo bora, The Message, ule wa pili, naupenda ila sijawahi kuumaliza bila kurudi kwanza kwenye ule wa kwanza. Na usiweke pleya ichanganye vipande, utakuwa umesoma kitabu kwa kurusha kurasa.

*Kijana wangu wa miaka 16 ananguruma chumbani kila jioni. Koo halitaharibika? – Mama Mwenye Wasiwasi*

Mama, inategemea anavyofanya. Wanaojua hawasagi nyuzi zenyewe za sauti, wanatetemesha mikunjo iliyo juu yake kidogo, na sauti inayotoka wala si kubwa kama unavyodhani, maiki ndo inafanya kazi. Akikwaruzwa, akiumwa, au asubuhi sauti imekauka, basi anafanya vibaya, aache na akiendelea hivyo aonwe na daktari wa koo. Akitafutiwa mwalimu wa sauti hata mara chache itamsaidia sana. Chumbani mfungie tu mlango.

*Dream Theater wamempata Portnoy, Parasomnia ina jipya? – Mpiga Dramu*

Mike Portnoy, mpiga dramu wa bendi hii ya Marekani, aliondoka 2010 akarudi 2023, na Parasomnia, albamu yao ya Februari 2025, ndo ya kwanza naye tangu 2009. Jipya? Sio sana. Ni Dream Theater wakiwa wamefurahi kukutana, na hilo linasikika. Nilichokipenda ni mada, mambo ya usingizini, watu wanaotembea wamelala na jinamizi, hilihili linalokukalia kifuani huwezi hata kuinua kidole. Wimbo wa mwisho unapita dakika 19. Nakiri nilisinzia humo, lakini ilikuwa saa nane usiku.

*Kaka, Meshuggah nashindwa kabisa kutikisa kichwa. Nikidhani nimeshika mdundo, umeshanikimbia. Wanafanyaje? – Kichwa Kigumu*

Hapo ndo utamu wote wa bendi hiyo ulipo bana. Kosa lako unafuata gitaa, na gitaa ndo linalodanganya. Chukua albamu yao Immutable ya 2022 au yoyote ile, usisikilize gitaa kabisa kwanza, sikiliza toazi, mkono wa mpiga dramu wao Tomas Haake. Mara nyingi toazi inapiga nne za kawaida kabisa, moja mbili tatu nne, hata shangazi yako angecheza. Huku chini sasa, magitaa ya nyuzi nane na miguu yake kwenye ngoma kubwa vinarudia rifu, kipande kifupi cha gitaa, yenye urefu mwingine, tuseme mapigo 17 madogo wakati baa, yani mzunguko mmoja wa ile moja mbili tatu nne, ina 16, kwa hiyo kila inaporudi inaanza pigo moja mbele ya ilipoanzia mwanzo, inasogea, inasogea, mpaka wanaikata makusudi ili wote waangukie pigo la kwanza kwa pamoja. Kwa hiyo tikisa kichwa na toazi tu, gitaa liache lipite zake. Ukipotea usirudishe wimbo nyuma, subiri pale wanapoangukia pamoja, utapasikia mwenyewe.