Maji ya mvua, maji ya bahari: nilivyoirudisha mashua kuukuu majini

Mashua yangu ina urefu wa mita 4 na nusu, mlingoti mmoja na tanga moja la foromali, yaani lililofungwa kwenye mti unaopandishwa mlingotini. Nilipoipata ilikuwa imekaa nchi kavu miaka 9, mdomo wazi ukitazama juu, mvua ikiingia na majani yakiozea ndani yake. Nje rangi ilikuwa imebabuka kidogo tu, nikadhani kazi ni ya msasa na brashi. Nikaanza na rangi. Kosa hilo lilinipotezea mwaka mzima, maana rangi mpya ilifunika mbao mbovu na unyevu ukabaki umefungiwa humo humo. Kwa hiyo, wewe uliyepata mashua kuukuu, usianze na unachokiona ukiwa umesimama nje. Ingia ndani, piga magoti, utafute mahali maji yalipokuwa yakituama.

Wengi huogopa maji ya chumvi. Kwa kuoza, adui mkubwa ni maji ya mvua. Kuvu inayoozesha mbao haistawi penye chumvi nyingi, bali hupenda unyevu usio na chumvi mahali pasipopita hewa. Mbao ikikauka hadi unyevu wake ukawa chini ya asilimia 20, kuvu hiyo haiwezi kuendelea. Ndiyo maana mashua inayofanya kazi kila siku hudumu, na ile iliyoachwa nyuma ya nyumba hufa polepole. Tazama kwanza chini ya sitaha ndogo ya omo, yaani mbele, kwenye kikao cha mlingoti, kwenye fashini ya nyuma panapofungwa usukani, na kwenye miguu ya mataruma, ile miti iliyopinda inayoshika mbao za ubavuni, yanapokutana na mkuku, ule mti mkuu wa chini. Zaidi ya yote tazama ncha za mbao, kwa sababu ubao hunywa maji kupitia nchani kuliko ubavuni.

Vifaa vya uchunguzi ni viwili, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga kila kiasi cha upana wa kiganja. Mbao nzima hulia, mbao iliyooza hutoa sauti ya kufa. Ukiitilia shaka, choma kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, tia alama ya chaki. Nilipomaliza, mashua ilikuwa imejaa chaki: mataruma 7, kikao cha mlingoti, na mbao 2 zilizo jirani ya mkuku. Moja ya mbao hizo haikuwa imeoza hata kidogo. Ilikuwa imetobolewa na yule mdudu wa baharini ambaye watu humwita mnyoo, ingawa ni wa jamaa ya chaza na kome. Huingia akiwa mdogo sana kupitia tundu la kiasi cha ncha ya sindano, kisha hukua ndani huku akitafuna, na juu ubao ukionekana mzima. Ukiona vitundu vidogo sehemu inayokaa majini, usivipake rangi. Pasua uone.

Kabla ya kung'oa chochote, ishike mashua isipoteze umbo. Mimi nilikuwa nimeshika mtaimbo tayari, nataka kutoa mataruma yote 7 siku moja, fundi mmoja mzee wa mashua akanizuia mkono. "Mwanangu," akasema, "usitoe la pili kabla la kwanza halijarudi. Mashua ikifunguka mbavu, hutaijua tena." Tukauweka mkuku juu ya magogo yaliyosawazishwa, tukaziegemeza mbavu kwa mihimili pande zote, tukavuta uzi kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kupima kama imenyooka. Uzi ule niliuacha umefungwa kwa miezi, nikiutazama kila asubuhi kabla ya kushika tezo.

Kupinda taruma kwa mvuke ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Unatengeneza sanduku refu la mbao, unaingiza mvuke kutoka kwenye pipa la maji yanayochemka, unalaza taruma humo. Kanuni ya mafundi ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Mbao iliyokaushwa kwa tanuri hukataa kupinda na kuvunjika. Tafuta iliyokaushwa kwa hewa, tena yenye nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha. Likitoka sandukuni una sekunde chache tu, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari: glavu mkononi, vibano vimefunguliwa, msaidizi wako anajua atasimama wapi. La kwanza lilinivunjikia. La pili pia. La tatu lilikaa kwenye ubavu kama lililozaliwa pale, na hapo nikaamini kwa mara ya kwanza kwamba mashua hii itaogelea.

Kuhusu misumari na skrubu nitasema machache. Chini ya maji usichanganye metali. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja huila nyenzake. Shaba ya njano, ambayo imechanganywa na zinki, huonekana nzuri dukani, lakini baharini zinki hutoka, ikabaki kitu chekundu kinachovunjika kwa vidole. Nimezitoa skrubu za namna hiyo zikiwa hazina hata nguvu ya kugeuzwa. Tumia bronzi au shaba nyekundu, ushikilie moja.

Na ukikwangua rangi ya zamani, vaa barakoa ya kuzuia vumbi na utumie msasa wa maji. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, na zile za chini za kuzuia viumbe wa baharini ziliwahi kutiwa sumu ya bati, ambayo mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 uliipiga marufuku, ukaanza kutumika 2008. Vumbi hilo lisikanyagwe na watoto.

Sasa kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mashua iliyokaa nchi kavu miaka mingi huwa imekauka na mbao zake zimesinyaa. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi inayopitisha sarafu. Nikashika nyundo na chembeu, nikashindilia uzi wa pamba kwa nguvu zangu zote, nikijisifu kwamba tone halitapita. Fundi alipofika alipitisha kidole upande niliomaliza, akaniambia nitoe wote. Sababu yake nimeikumbuka kila siku: mbao zikirudi majini zitafura. Ukiwa umejaza nafasi yote, zitakosa pa kwenda, na nguvu ya mbao inayofura inaweza kung'oa misumari au kuvunja mataruma uliyoyapinda kwa jasho. Uzi uingie ukae, usishindiliwe ukawa jiwe. Kisha paka rangi nyembamba juu ya pamba ili ishikane na mbao, ndipo utie lami laini au puti ya kuzibia isiyokauka ikawa ngumu. Kwa sababu hiyo hiyo siafiki epoksi kwenye maungio ya mashua ya mbao. Epoksi haisogei, na mbao husogea maisha yake yote. Niliitumia mahali pamoja tu, kuunganishia kipande kipya cha mlingoti, kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara 12 ya unene wa mti, kisha nikaifunika kwa vanishi kwa kuwa jua huiharibu.

Siku ya kuishua, yaani kuishusha majini, jiandae kuiona ikizama kidogo. Nasema hivi kwa sababu nimemwona mtu akiipandisha mashua yake pwani baada ya dakika kumi, amekata tamaa, wakati mashua haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na kiu. Ifunge penye maji ya kimo cha goti, bila mlingoti, bila mzigo, uiache inywe. Yangu ilijaa hadi kwenye viti saa ya kwanza. Nilikesha nayo. Usiku wa kwanza nilifua ngama, yaani kuchota maji yaliyoingia, kila nusu saa. Usiku wa pili nilifua mara tatu. Asubuhi ya siku ya tatu nilipopitisha mkono sakafuni nilikuta unyevu tu, na zile nafasi za sarafu zilikuwa zimefumba kama midomo.

Tanga nililikagua kwa ukucha. Uzi wa mishono hufa kwa jua kabla ya kitambaa. Ukikatika kwa kukwaruzwa na ukucha, shona upya tanga zima. Henza, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kulivutia, nilinunua mpya, maana kamba iliyokakamaa haiachii unapotaka iachie. Nikajaza maboya matupu chini ya viti na kuyafunga imara, kisha nikaipindua mashua makusudi mahali maji yanaponifika kifuani, nijifunze kuiinua. Fanya hivyo nawe kabla ya safari, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea.

Chagua siku ya upepo wa fundo 7 hadi 10, yaani kama kilomita 13 hadi 19 kwa saa, uwe unavuma kuelekea pwani ili ukishindwa ukurudishe nyumbani. Mawimbi yakianza kuvunjika meupe kila upande, ahirisha. Na usiufunge mwisho wa demani kwenye mti. Ushike mkononi, ili pigo la upepo likija uache tu, tanga lipoteze nguvu.

Siku yangu ilifika, nikatweka tanga. Likapigapiga, nikavuta demani, likajaa ghafla, na mashua ikalala upande kidogo kisha ikaanza kwenda. Maji yalianza kusema chini ya omo. Nilijaribu kwenda joshi, yaani kuusogelea upepo unakotoka, nikapita kiasi, tanga likapoteza upepo, nikarudisha omo nyuma mpaka likashika tena. Chombo hakielekei upepo unakotoka, kinaupanda kwa mshazari, nami mkono wangu ulilielewa hilo siku ile. Nilibisha, yaani kugeuza omo kupita upepo ili ushike upande wa pili, mara nne. Mara ya nne sikuutazama usukani, nilitazama mbele.

Niliporudi na kutua tanga, nilichukua kopo na kuinama kufua ngama. Maji yaliyokuwemo hayakufika nusu ya kopo.