Grafu ya Mtandao Inayotawanyika Kila Data Inapobadilika

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza kwa JavaScript, nikitumia maktaba ya kuchora data iitwayo D3, grafu inayoonyesha kompyuta zinazowasiliana. Kila baada ya sekunde 5 ukurasa huomba data mpya kutoka kwenye seva, kisha hufuta mchoro wote na kuuchora upya. Tatizo ni kwamba nodi zote, yaani maduara yanayowakilisha kompyuta, hutawanyika hata kama iliyoongezeka ni moja tu, na nodi niliyoiburuta kwa kipanya haibaki nilipoiweka. Je, nihamie maktaba nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna haja ya kuhama, kwa kuwa chanzo cha tatizo ni huko kufuta na kuchora upya. Katika D3, mahali ilipo nodi hapatunzwi kwenye duara unaloliona katika skrini, bali ndani ya obijekti ya data yenyewe, yaani kifurushi cha taarifa za nodi hiyo: uigaji wa kani, yaani sehemu ya D3 inayozisukuma na kuzivuta nodi hadi zitulie, huiandikia kila nodi sifa za x na y, yaani mahali ilipo, pamoja na vx na vy, yaani mwendo wake. Obijekti zinazotoka kwenye seva hazina sifa hizo, hivyo programu huziona zote kuwa ngeni, ikazipanga kuzunguka nukta ya sifuri na kuanza kuzisukuma upya. Nodi uliyoiburuta nayo ilikuwa imeshikiliwa na fx na fy, yaani mahali ilipofungwa, ambazo zimetoweka pamoja na obijekti ya zamani.

Anza, basi, kwa kutunza nodi ndani ya Map, yaani hifadhi ya JavaScript inayokupa kitu kwa kitambulisho chake, kila moja kwa kitambulisho chake. Data inapofika, nodi ambayo tayari imo isasishwe ndani ya obijekti yake ileile, ile ambayo haimo iongezwe, na ambayo haimo tena kwenye data ya seva iondolewe pamoja na viungo vyake, yaani mistari inayoiunganisha na nyingine, kwani kiungo kinachotaja kitambulisho kisichokuwapo huisimamisha programu kwa kosa.

Hatua ya kuunganisha data na maduara nayo ipe kitambulisho hicho, jambo ambalo wengi hulisahau. Tuseme ulikuwa na A, B na C, kisha B ikaondoka na D ikaingia. Bila kitambulisho, D3 hulinganisha kwa nafasi katika safu, kwa hiyo duara lililokuwa la B hupewa data ya C, na lililokuwa la C hupewa ya D. Ikiwa jina na rangi viliandikwa mara moja tu duara lilipozaliwa, mtazamaji ataona jina la B juu ya kompyuta nyingine kabisa. Kwangu kosa hili ni baya kuliko kutawanyika, kwa sababu kutawanyika huonekana, ilhali hili humdanganya mtu kimyakimya.

Nodi mpya usiiache ianzie kwenye sifuri: ipe x na y za nodi jirani iliyounganishwa nayo, ukiongeza tofauti ndogo ya nasibu, ili ichipue pale inapohusika.

Linabaki suala la joto la uigaji, liitwalo alpha. Huanza na 1 na kupoa hadi chini ya 0.001, kwa kawaida baada ya hatua zipatazo 300, kisha uigaji husimama. Kwa hiyo baada ya kukabidhi nodi na viungo vipya ni lazima uipandishe alpha na kuuwasha uigaji tena. Ukiirudisha kwenye 1 utatikisa mchoro mzima. Mimi huanza na 0.1 kwa mabadiliko madogo, na nodi nyingi zinapoingia kwa pamoja huipandisha hadi 0.3.

Mwisho, kama data iliyofika haijaongeza wala kupunguza nodi au kiungo, badilisha rangi na maandishi tu, na uigaji usiuguse kabisa.