Mashine ya boti inazima ukiongeza moto? Angalia pampu ya mkono kabla ya kushusha kabureta

Mkuu, umesema mashine inawaka vizuri na inatulia kwenye sailensa (ikiunguruma polepole), ila ukiongeza moto, yaani kasi, baada ya dakika chache inapoteza nguvu na kuzima, kisha ukingoja kidogo inawaka tena. Plagi umeshabadilisha, sasa unataka kushusha kabureta. Subiri kwanza.

Hitilafu ya umeme mara nyingi huikata mashine ghafla. Yako inafifia, inakohoa, ndipo inazima. Hiyo inakosa mafuta, na pampu ya mkono, kile kipira cha kuminya kilicho kwenye mpira wa mafuta, itakuonyesha yanakwamia wapi. Mpe mwenzako usukani, ongezeni moto, na mashine ikianza kulegea itazame hiyo pampu.

Ukiikuta imenywea, kuta zake zimegusana, mafuta hayatoki kwenye tanki. Legeza kitundu cha hewa cha mfuniko. Ukisikia tanki likivuta pumzi, umepata jibu. Kama si hapo, chomoa mrija wa ndani ya tanki uangalie chujio lake. Niliwahi kukuta kipande cha nailoni humo: mashine ikivuta, kinanyonywa na kuziba, ikizima, kinaachia na kuelea, mafuta yanapita tena. Fundi alikuwa ameshafungua kabureta mara kadhaa!

Pampu ikiwa laini bila kunywea, iminye mfululizo mashine inapofifia. Ikipata nguvu kila unapominya, ama mpira unavuta hewa mahali, ama pampu ya mashine yenyewe imechoka. Hewa ndiyo inayosumbua watu, maana upande huu mafuta yananyonywa, hayasukumwi, kwa hiyo ufa mdogo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Kagua oringi (pete za mpira) za viunganishi na klipu zote. Unganisha kipande cha mpira unaopitisha mwanga, unaostahimili petroli, karibu na mashine. Mapovu utayaona yakipita. Usipoyaona, fungua pampu ya mashine. Diaframu yake, yaani utando wa ndani, kwenye mashine nyingi za kuchanganya oili huchezeshwa na msukumo wa hewa ya ndani ya injini. Ikikakamaa au ikitoboka hata kidogo, sailensa inaweza kubaki nzuri huku moto mkubwa ukiishinda. Badilisha tu, usiibandike gundi.

Pampu imejaa, ngumu, na mashine bado inakufa? Hapo ndipo kabureta inapohusika, pamoja na filta iliyo chini ya kava. Mwaga mafuta ya bakuli la kabureta kwenye chupa angavu. Maji, kama yamo, yatakaa chini.

Kama ni mashine ya kuchanganya oili, usiendelee kuilazimisha: petroli ikipungua, oili nayo inapungua, na pistoni inaweza kukwama. Bora uazime tanki na mpira wa boti nyingine ujaribu navyo. Ikikimbia vizuri, kabureta yako iache ilivyo.