Kabla ya bango, kaangalie LUKU

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro. Shikamoo yake ipo, salamu za nyumbani zipo, kisha ndiyo akaingia kwenye shida: wana kituo chao cha sanaa, kaukumbi ka watu mia na hamsini hivi, wanataka kuanza shoo za laivu kila mwisho wa mwezi. "Dada, tuanzie wapi? Bango tumeshatengeneza." Na bango lenyewe akaliambatisha. Zuri kwelikweli. Lina moshi, lina taa za zambarau, lina jina la kila mpiga ngoma mpaka wa manyanga. Saa ya kuanza imeandikwa "usiku mpaka majogoo".

Nilicheka peke yangu, maana bango kama hilo ninalo. Limebandikwa ndani ya kabati langu, kila nikitoa nguo linanitazama. Ni la shoo yangu ya kwanza, na ngoja nilisimulie, la sivyo ushauri wangu utaonekana ni wa mtu aliyehudhuria semina.

Wakati ule nilikuwa nimetoka Zanzibar kwenye Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Februari lililoanza 2004. Ukikaa Ngome Kongwe usiku, kuta za mawe huku na huku, watu wamejaa, bendi inapiga, kichwa lazima kivimbe. Changu kilivimba. (Hata wao mwaka 2016 walishindwa kufanya kwa sababu ya fedha, lakini hilo nilikuwa silifikirii.) Kabla boti haijatia nanga Dar nilikuwa nimeshaamua kwamba kituo chetu cha Temeke, chenye ukumbi mmoja, mwembe mmoja na vyoo viwili ambavyo kimoja hakifungi, kitakuwa Ngome Kongwe ya bara.

Nikachagua kidumbak. Kwa wasioijua: ni ndugu mdogo wa taarab, yule asiyejua kukaa kimya. Taarab kubwa ina ala za nyuzi kama kanuni na udi, na watu waliovaa suti. Kidumbak ina fidla, vidumbak viwili (vingoma vidogo), cherewa za kutikisa, mkwasa (vijiti vya kugonga), na sanduku. Sanduku ndilo lililoniua mimi. Ni boksi la mbao limefunikwa chini juu, lina fimbo na uzi mmoja. Mpigaji analikanyaga kwa mguu lisitembee, anavuta fimbo, uzi unakaza, na besi inatoka pale utadhani kuna spika ndani. Nikasema watu wa Temeke lazima walione hili.

Tulikuwa wawili tunaoendesha, mimi na mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja, anajijua. Tukaleta watu sita kutoka Unguja. Vibali, barua ya serikali ya mtaa, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), polisi, hayo yote tulihangaika nayo wiki tatu na yanachosha hata kuyaandika, fuatilieni mapema tu. Tukakodi muziki wa laki tatu na nusu, spika za kutosha harusi ya watu elfu. Tukapanga viti mia tatu. Kiingilio elfu kumi. Bango likasema saa 2 usiku.

Saa 2 fundi mitambo alikuwa bado anatafuta namna ya kuliwekea sanduku maiki. Akiisogeza, spika zinapiga mluzi. Akiirudisha nyuma, besi haisikiki. Mzee wa fidla akamwambia, "Mwanangu, ifunge na kanga, itie ndani." Fundi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Saa 3 na nusu wakafunga na kanga. Ikakubali.

Tukaanza saa 4 kasoro. Waliolipa walikuwa thelathini na mmoja, kwenye viti mia tatu. Mnajua viti vitupu vya plastiki vinavyofanana na watu waliokataa kuja? Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza kunoga, mama mmoja akainuka kwenda kutunza, noti iko juu, kiuno kinaanza kuitika. Giza.

Si TANESCO waliokata. Ni uniti za LUKU, ule umeme wa kununua kabla ya kutumia, zimeisha. Spika za harusi, taa za harusi, na mita ya kituo kilichozoea feni mbili na balbu. Kila mtu alidhani mwenzake amenunua umeme. Nikanunua kwenye simu, ujumbe ukakawia, ulipofika nikaanza kubonyeza tarakimu ishirini kwa tochi mdomoni. Nikakosea. Nikarudia. Nikakosea tena, vidole vinatetemeka.

Sasa, ningekuwa mtunzi wa hadithi ningesema wanamuziki waliendelea kupiga gizani na watu wakasogeza viti karibu, ikawa usiku wa ajabu. Waliendelea kupiga, ni kweli, kidumbak haihitaji umeme. Ila watu hawakusogea karibu, walikwenda mlangoni kudai hela zao.

Mlangoni nilikuwa nimemweka mdogo wangu na boksi la viatu. Tiketi hatukuwa nazo. Aliyelipa aligongwa muhuri mkononi, na wino uliisha kwenye mtu wa kumi na tano. Kwa hiyo gizani pale kila aliyenyoosha mkono, muhuri wake "umeshafutika kwa jasho". Walioingia kwa kulipa ni thelathini na mmoja. Waliorudishiwa ni thelathini na wanane. Elfu sabini ya ziada ilitoka kwenye M-Pesa yangu.

Umeme uliporudi mle ukumbini walibaki mjomba wangu na watoto wa jirani waliokuwa wamepanda ukuta.

Mwenzangu asubuhi yake hakupokea simu. Baada ya wiki nikasikia anawaambia watu kwamba yeye alishanionya. Hakunionya. Viti mia tatu lilikuwa wazo lake. Wale wazee wa Unguja niliwamalizia malipo kidogokidogo kwa miezi minne, na mzee wa fidla katika miezi yote hiyo alinipigia mara moja tu. Alinijulia hali, akaniuliza mama hajambo, akakata. Hela hakuitaja. Bora angenitukana.

Basi Jumamosi iliyopita tumefanya shoo yetu ya kumi na tisa. Watu mia na kumi na wawili, tiketi za kukatwa kipande zenye namba, elfu tatu, na tumewarudisha watu nyumbani saa 2 usiku wakiwa na nauli na usingizi wao. Nimelala nikiwa na raha, sifichi.

Kilichobadilika? Saa. Ndugu yangu wa Morogoro, saa.

Marehemu baba alikuwa akinisimulia ujana wake, jinsi walivyokuwa wakienda dansi Arnautoglo, pale Mnazi Mmoja. Ule nao ulikuwa ukumbi wa jamii. Wikendi ukienda na jua bado liko juu, viatu vimepigwa rangi. Nilimsikiliza miaka yote nikidhani ananisimulia viatu. Alikuwa ananipa ratiba. Mtu wa mtaani ana watoto, ana daladala ya kuwahi, ana biashara ya asubuhi, na bajaji ya saa 6 usiku bei yake inazidi kiingilio chako. Ukitaka ashinde macho, utampata yule ambaye tayari yuko baa, na baa tayari ina muziki.

Sisi tunaanza saa 11 jioni. Imeandikwa 11, tunaanza 11, hata kama ukumbini kuna watu tisa. Mara ya kwanza walikuwa tisa kweli. Wa kumi na kuendelea wakakuta wimbo wa tatu, wakanuna, mwezi uliofuata wakawahi. Jirani yetu ni msikiti, kwa hiyo tunatazama jua: Juni magharibi inaingia kama saa 12 na robo, Februari inakawia mpaka karibu saa 1 kasoro robo. Bendi inasimama kabla ya adhana, siyo baada ya kutumiwa mtu. Mapumziko hayo yanauza mihogo na urojo kuliko tangazo lolote, na imamu sasa hivi ndiye anayewatuliza wanaolalamikia kelele.

Na viti. Panga themanini, vingine ficha. Watu wakizidi, waone unavileta mbiombio. Hakuna kitu kinachompendeza mtu kama kuletewa kiti kwenye ukumbi uliojaa.

Wasanii uwalipe kabla hawajapanda jukwaani. Nimesema kabla. Usiniambie "tukishahesabu mlangoni", mimi najua miezi minne ina siku ngapi.

Vijana tuna ugonjwa. Tunapenda picha ya kitu kuliko kitu. Nenda kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, Dar, wapo tangu 2008, tazama makontena yale yaliyogeuzwa studio, utasema sanaa ni rangi tu. Hujamwona aliyekaa na daftari la mapato. Hatuheshimu daftari, hatuheshimu saa, tunamchelewesha mtu masaa mawili halafu tunamwita hana utamaduni wa kununua tiketi. Yeye alifika. Wewe ndiye hukuwepo. Anza kwa wakati, jamani. Hata bendi iwe na fidla peke yake, anza.

Ah, na yule mwenzangu. Jumapili amenitumia ujumbe: hongera dada, nimeona picha, mmependeza, tukae siku moja tuzungumze. Siku hizi anaendesha shoo sehemu nyingine, na nasikia naye anaanza saa 11. Nimeusoma ujumbe mara kadhaa.

Kijana wa Morogoro nilimjibu haya yote kwa sauti, dakika kumi na nne. Akashukuru sana. Kisha akaandika: "Ila dada, bango tumeshachapisha nakala mia mbili." Nikamwambia haidhuru, andikeni saa juu yake kwa maka peni, halafu apige picha ya mita ya kituo anitumie nione imebaki uniti ngapi.

Mpaka naandika hapa, amenitumia picha ya jukwaa.