Fiziolojia ya jicho: anzeni gizani

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa udaktari, somo la seli za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, linawaangusha wengi, nami lilinifundisha kwa uchungu. Kwenye neva na misuli mmeshazoea kwamba kichocheo kikija, milango ya sodiamu hufunguka na seli huchangamka. Niliingia mtihanini na mazoea hayo, nikaandika kwamba mwanga hufungua milango ya ioni, yaani chembe zenye chaji kama sodiamu. Swali zima nikalikosa. Mwanga huifunga.

Kwa hiyo msianzie kwenye mwanga. Chukueni karatasi, choreni seli kijiti moja, yaani seli ya retina inayoonea mwanga hafifu, ikiwa gizani, na msiweke mwale hata mmoja mpaka mchoro huo ukamilike. Gizani seli ina cGMP, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, ya kutosha. Molekuli hiyo hujishikiza kwenye milango iliyo katika utando wa sehemu ya nje ya seli na kuiacha wazi, sodiamu ikawa inaingia pamoja na kalsiamu kidogo, huku potasiamu ikitokea sehemu ya ndani. Ndiyo maana umeme wa utando hukaa karibu na milivolti -40, si -70 kama neva mnazozijua, na seli humwaga glutameti, kemikali ya kuipasha habari seli inayofuata, mfululizo. Seli ya kuonea haipumziki usiku. Mimi nilihangaika majuma mawili kabla ya kulikubali jambo hilo, na nilipolikubali, yaliyobaki yalijipanga yenyewe.

Sasa washeni taa. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inaipiga rodopsini, protini ya seli kijiti inayonasa mwanga, na retinali, molekuli iliyokunjika ndani yake, inanyooka. Rodopsini inaiamsha protini nyingine, transdusini, transdusini inakiamsha kimeng'enya cha fosfodiesterasi, nacho kinaivunja cGMP. Ikipungua, milango inafunga. Potasiamu bado inatoka lakini sodiamu haiingii tena, umeme unashuka kuelekea -70, glutameti inapungua. Huko kupungua ndiko ujumbe unaoipata seli inayofuata.

Mkichanganyikiwa msikate tamaa. Wataalamu wenyewe walibishana miaka mingi kama kinachobeba ujumbe ndani ya seli ni kalsiamu au cGMP, mpaka mwaka 1985 Fesenko na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walipoonyesha kwamba cGMP huifungua milango moja kwa moja.

Hata hivyo kalsiamu msiitupe, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoacha maksi. Milango ikifunga, kalsiamu haiingii, lakini protini inayoitoa nje inaendelea na kazi. Kiwango cha kalsiamu ndani ya seli kinashuka, na kushuka huko kunakiharakisha kimeng'enya kinachotengeneza cGMP. Baadhi ya milango inafunguka tena. Hii ni sehemu ya sababu ukitoka ndani kwenda juani unaumia macho, kisha baada ya muda mfupi unaona vizuri.

Kujipima, jiulizeni swali ninalopenda kuwauliza wanaokuja kusoma nami: mtoto aliyekosa vitamini A anajikwaa magharibi, milango ya seli zake vijiti iko katika hali gani? Retinali hutokana na vitamini hiyo. Ikikosekana, rodopsini inakuwa haba, fotoni chache za jioni zinapita bila kunaswa, na cGMP haivunjwi vya kutosha. Milango inabaki wazi, seli zinaendelea kumwaga glutameti, na ubongo wa mtoto unaambiwa kwamba ni giza tupu.