Mti wa ukoo mtandaoni: kuficha jina tu hakutoshi

Mleta uzi, unasema umekusanya majina ya ukoo zaidi ya mia tatu na unataka kuyaweka mtandaoni ili ndugu walio Nakuru, Nairobi na ng'ambo wayaone, ila hujui uwafanyeje walio hai. Mimi nilipita njia hiyo nikajikwaa, na mpaka leo nikifika Webuye naanzia kwa senge, yaani shangazi yangu, kumwamkua kabla sijaenda kwingine.

Kazi niliianzia kwenye vijitabu vya mazishi. Huku Bungoma kumbukumbu za ukoo zimo humo: wake kwa mpangilio, watoto, wakwe, wajukuu, hadi waliotangulia. Nilikuwa na rundo zima ndani ya gunia la unga. Vilipoishia, nikawafuata wazee. Kuka, yaani babu, hakujua baba yake alizaliwa lini, ila rika lake la tohara alilitaja bila kusita: Kikwameti. Na kwa kuwa sisi Wabukusu hutahiri miaka shufwa tu, hata bila cheti unaweza kukisia.

Nikaviweka vyote kwenye tovuti moja ya miti ya ukoo, nikachagua walio hai wafichwe. Majina yakaondoka, kila kisanduku kikabaki na neno moja, "Hai". Nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Jioni hiyo hiyo binamu akauliza, "Mbona senge ana visanduku vitano na watoto ni wanne?"

Cha tano hakikutoka kwenye mstari wa ndoa yake. Kilining'inia kando, peke yake. Alikuwa mtoto aliyemzaa kabla ya kuolewa, akalelewa na kukhu, nyanya yangu, kama kitinda mimba wake. Kukhu alinidokezea siku moja akichambua mrenda, wala hakuniambia nikaandike. Wazee walijua. Wenyewe wale wanne hawakujua, na wa tano, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwemo kundini akisoma.

Senge alinipigia simu usiku. "Mwana wa ndugu yangu, ulikuwa unahesabu watu, ama ulikuwa unanihesabu mimi?" Sikuwa na jibu. Niliufuta mti wote, lakini picha za skrini zilikuwa zimeshasambaa.

Kwa hiyo, ukiniuliza, usiwafiche walio hai. Wakate kabisa. Mti wa mtandaoni uishie kwa marehemu, na hata kwa marehemu usiandike idadi ya watoto kama baadhi yao wangali hai. Mgeni hawezi kusoma kisanduku kitupu, lakini jirani na binamu watakisoma kama gazeti.

Mti kamili ninao kwenye kompyuta ya nyumbani, ndani ya Gramps, programu ya bure. Humo unaweza kuweka alama ya siri kwenye taarifa yoyote, na unapotoa nakala unaiagiza iwaache nje walio hai. Kabla ya kumrushia mtu faili la GEDCOM, lile la kuhamishia mti kutoka programu moja hadi nyingine, pitia sehemu ya maelezo. Nilikuta nimeandika humo ugonjwa uliomuua mjomba, na mjane wake angali hai. FamilySearch, tovuti ya miti ya ukoo, nayo ni bure, na mtu uliyemwingiza kama hai kwa kawaida huonekana kwako tu, lakini ukimwandika amefariki kwa makosa, dunia nzima inamwona.

Kuna wanaosema "ni mambo ya familia, sheria inahusu nini?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hutaja majina ya watoto, wazazi na wenzi wa mtu miongoni mwa data nyeti, kapu moja na hali ya afya. Ya nyumbani tu haiyagusi, ila ukishaweka kitu pale ambapo yeyote anakisoma, sijui utasemaje bado ni ya nyumbani.

Halafu mashamba. Mti wa ukoo si barua ya chifu ya kutambua warithi, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu anayetafuta ekari mbili za babu. Ndugu mmoja wa mbali aliuchapisha mti wangu akaja nao kwenye kikao cha urithi, akionyesha kidole nyumba ya mke wa tatu. Tulikaa hadi giza likaingia.

Matapeli wa simu mnawajua, siwaelezi. Mwaka wa kuzaliwa na jina la mama vinawatosha kuanzia.

Senge aliwaeleza wanawe mwenyewe, ikapita miezi, kukatulia kiasi. Mwaka huu aliniomba daftari langu, lile la karatasi, akaandika jina la wa tano kwa mkono wake. Kwenye kompyuta sijaligusa, hakuniambia niliweke huko.

Na vijitabu vya mazishi ukivipiga picha kuwaonyesha ndugu, ruka ukurasa wa nyuma. Ndipo huchapwa namba za simu za kamati na za mchango, na wengi wa watu hao bado wanazitumia.